Banda la Ndege Silifungi, Baba

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili mchana

Kwako Baba, na kwako Mama unayemsomea,

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama. Kamwene nyote hapo Ipogolo. Natumaini barua hii inawakuta mmekaa nje mnaota jua, maana naijua nyumba yetu, asubuhi ndani kuna baridi kuliko nje. Goti la Mama linaendeleaje? Na wewe Baba, macho? Kaka Hamisi ananiambia bado unaahirisha kwenda kuangaliwa, mara Ramadhani ipite, mara mvua ikate. Mtoto wa jicho hangoji mvua. Nenda ukaonwe.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Kikohozi kilichonisumbua kimeondoka baada ya jirani yangu muuza chipsi kunilazimisha kunywa tangawizi mpaka nikaona kikohozi ni afadhali. Mbeya mvua inanyesha inavyotaka yenyewe. Umeme unakatika, unarudi, tumeshazoea.

Nimeandika barua kwa sababu simu unakata. Ukiona jina langu tu, unakata. Karatasi haina kitufe cha kukatia. Unaweza kumgeuzia Mama mgongo ukatazama ukuta, lakini masikio hayana mlango. Kwa hiyo Mama, soma kwa sauti, na akijifanya amelala usimwamini. Baba akilala kweli hukoroma.

Ujumbe uliompa Hamisi umenifikia. Alinipigia akasema, "Dada, mimi ni tarishi tu, usinigombeze," kisha akanisomea neno kwa neno: "Mwambie afunge lile banda la kuchekea vita, la sivyo asinihesabu kuwa baba yake." Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo, nimepika nayo. Sasa nakujibu kwa heshima zote ulizonifundisha. Banda silifungi. Na kukuhesabu kuwa baba yangu siachi. Umeniambia nichague moja, mimi nimechukua yote mawili.

Mama, ngoja nikueleze mambo yalivyokuwa, maana nina hakika Baba amekusimulia nusu, tena ile nusu yake.

Banda lenyewe ni chumba kimoja nyuma ya maduka ya mitumba. Kuna kompyuta nne, kila moja na kiti chake na jostiki, ile fimbo ya kushika unapoongoza ndege. Mabanda mengine ya mji huu yanachezesha mpira. Mimi nilichagua ndege za vita, na wa kulaumiwa ni fundi mstaafu wa ndege za jeshi aliyekaa hapo mbele yako. Nani alikuwa akitubembeleza tulale kwa kuiga mlio wa injini kwa mdomo? Nani alinifundisha kutofautisha injini yenye afya na injini inayougua, hata kabla sijajua kufunga kamba za viatu? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi nimekua hivi.

Gemu hizi huchezwa kwa njia mbili. Kuna njia rahisi: unabonyeza kitufe, ndege iko angani, risasi haziishi, mafuta hayapungui, na adui anaandikiwa jina juu yake ili usimpoteze. Ukianguka unapewa ndege nyingine. Halafu kuna njia wanayoiita uhalisia kamili. Hapo unawasha betri, unafungua mafuta, unasubiri injini ipate joto, unatambaa na ndege taratibu mpaka mwanzo wa uwanja. Ukiinua pua kwa pupa, mabawa yanakataa kukubeba. Ukikata kona kali mno, damu inakikimbia kichwa na skrini inakuwa nyeusi. Wateja wangu walipenda ile ya kwanza. Wanatoka kazini mikono inanuka dizeli au vitunguu, wanataka wapae, wafyatue, wacheke, waende kwao.

Wawili kati yao nitawataja, kwa sababu wamo katika kesi hii. Mmoja ni Masanja, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao. Akileta ng'ombe mnadani, hapiti bila kuingia kwangu. Mwingine ni Ndahani, dereva wa malori ya Tunduma. Huyu ni Mgogo, na sisi Wahehe na Wagogo mnajua wenyewe, babu zetu walipigana na sisi tumebaki kutaniana. Ndahani ni mtani wangu wa haki kabisa. Ananitukana asubuhi, na mimi namkaribisha chai.

Siku Baba alipokuja hakuniambia. Alishuka stendi na ndoo ya nyanya alizopewa na mama mdogo wa Ilula aniletee, akauliza njia mpaka akafika mlangoni kwangu. Kwa bahati mbaya aliingia dakika ileile ambayo mimi nilikuwa nimekufa.

Ngoja nieleze vizuri, Mama, usishtuke. Nilikuwa kwenye kompyuta ya kwanza napigana na Masanja. Nikamkimbiza bondeni, nikashuka chini kuliko akili, nikagonga mlima. Sasa pale bandani tuna desturi yetu. Mtu akianguka, halii mwenyewe wala hachekwi ovyo. Mtani wake ndiye anayemwombolezea, na maiti haruhusiwi kujibu mpaka mtani amalize. Hakuna aliyeitunga. Ilianza siku moja Ndahani aliponililia kwa mzaha, ikawa sheria. Kwa hiyo nilipogonga mlima, nikalaza kichwa mezani, nikafumba macho. Ndahani akajifunga kanga yangu kichwani, akapiga magoti kando ya kiti na kuangua kilio:

"Uwiii! Mnyalukolo wetu, Mhehe wetu jamani! Kafa na hasira zake! Leo Ipogolo mbwa wanacheza ngoma, mlaji wao kapungua!"

Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Na hapo ndipo niliposikia nyanya zinamwagika mlangoni.

Baba, nimeifikiria sana picha uliyoiona. Uliona kiti cha rubani, binti yako kalaza kichwa, macho kafumba, na mwanamume kajitanda kanga analia juu yake huku watu wanacheka. Najua moyo wako ulienda wapi. Ningekuwa wewe, na mimi ningemwaga nyanya. Hilo nalikubali bila kusukumwa.

Lakini ulipokwisha kujua kwamba ni gemu, hukupoa. Ndiyo kwanza ukawaka. "Ndege imeanguka na nyie mnacheka?" Ukaamuru nizime zote, kisha niwashe upya kwa uhalisia kamili. Ukasimama katikati ya wateja wangu kama uko uwanjani na vijana wako wa zamani. Ulimwuliza Ndahani, "Wewe, lori lako unaliondoa bila kuangalia oili?" Akajibu kwa adabu, "Hapana, mzee wangu." Ukamwambia, "Basi na ndege usiiondoe." Hapo ulikuwa na haki, na Ndahani mwenyewe anasema hivyo mpaka leo. Ila hakuna hata mmoja aliyepaa siku ile. Mmoja aliunguza injini. Masanja alibaki anazunguka uwanjani, hajui atokee wapi. Wakaanza kutoka mmojammoja, wakisema pole mama, pole mzee, tutarudi. Ulipoona viti vitupu, ukaniambia mbele ya Ndahani, "Unauza kicheko juu ya makaburi ya watu." Kisha ukaenda stendi ukapanda basi la kwanza ulilolikuta. Hata chai hukunywa.

Neno lile liliniuma, Baba. Linaniuma hata sasa ninapoliandika. Ungenipiga kofi ningelisahau mapema.

Sasa sikiliza nilichofanya. Mnadhani mimi mkaidi tu, lakini nilijaribu njia yako. Niliweka kompyuta zote kwenye uhalisia, nikabandika karatasi mlangoni, kwamba hapa ndege huruka kama ndege. Banda likawa kimya kama chumba cha mtihani. Watu wakahamia kwenye mpira. Nikabaki na viti vyangu, na nilikasirika mno hata nikaapa kwamba kama ni hivyo, basi angalau mmoja atapaa, na mmoja huyo nitakuwa mimi. Nikakaa. Betri. Mafuta. Joto. Sikiliza. Nilikuwa nasikia sauti yako, Baba, ile ya kunifokea nikiegemea baiskeli uliyotoka kuipaka rangi. Niliunguza injini. Niliizima kabla haijapata joto. Niliinua pua mapema nikaanguka, nikachelewa nikaishia kwenye miti. Halafu siku moja mchana ndege ikaacha ardhi, polepole, inatetemeka, na mimi ndiye niliyeiondoa. Nililia. Sikulia kwa ajili ya gemu. Nililia kwa kuwa nilielewa ulichokuwa ukikipenda miaka yote ile uliyorudi nyumbani unanuka mafuta ya ndege.

Kwa hiyo ile kompyuta ya nne, niliyopaa nayo, sijaibadilisha. Imebaki kwenye uhalisia kamili, na watu, tangu waliporudi wakaniona napaa nayo, wanaipangia foleni. Usijidanganye kwamba ni kwa amri yako. Ni kwa sababu imenipendeza. Zile tatu nimezirudisha kwenye raha yake, na zitabaki hivyo.

Masanja peke yake ndiye asiyeitaka ya nne. Kuna ramani ya nyanda zetu za juu ambayo jamaa mmoja wa mtandaoni aliitengeneza, na nikaiweka pale. Milima ipo, mto upo, tambarare ya Usangu ipo. Masanja aliiangalia sana, akaweka jostiki chini.

"Dada, hii ni uongo mtupu. Usangu gani hii haina hata ng'ombe mmoja?"

Tulimcheka, lakini nilipofika nyumbani nikaona yeye ndiye aliyesema kweli. Uhalisia ni wa nani, Baba? Kwako ndege ni ya kweli ikiwa swichi zote zipo mahali pake. Kwa Masanja nchi ni ya kweli ikiwa na ng'ombe. Na mimi nikakaa nikatazama ile gemu yenu ya kweli tupu. Wameweka joto la oili, wameweka upepo wa ubavuni, wameweka damu inayokikimbia kichwa. Kisha rubani anakufa. Skrini inaandika umekufa, basi, kimya. Hakuna anayesema pole. Hakuna turubai, hakuna chai ya rangi, hakuna mwanamke anayeweka mikono kichwani. Kwetu mtu hafi hivyo! Waliotengeneza gemu wamejua kila kitu cha ndege na wamesahau msiba. Kitu pekee cha kweli kilichokuwamo bandani siku ile ni Ndahani na kanga yake, na hicho ndicho ulichokifukuza.

Utasema msiba si mahali pa kucheka. Nitakukumbusha msiba wa Babu. Nilikuwa nimeshakua, nilisimama na wanawake karibu na jiko, niliona yote. Jeneza lilikuwa tayari kutolewa. Yule mtani wetu Mgogo aliyetoka Mtera akavaa koti la Babu, akashika mkongojo wake, akajilaza kizingitini jeneza lisipite. Akakohoa kikohozi kilekile cha Babu, akauliza, "Mnanipeleka wapi nyie, na mahindi yangu hayajavunwa?" Tangu asubuhi ulikuwa umesimama umekaza taya, hujatoa chozi, watu wakaanza kukuogopa. Uliposikia kile kikohozi ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kicheko kikageuka kilio. Ukalia kama mtoto, na watu wakashukuru, na jeneza likatoka. Hukumwambia yule mtani kwamba anauza kicheko juu ya kaburi la baba yako. Ulimpa koti aende nalo.

Kwa nini basi kwa Babu iwe halali na kwangu iwe haramu?

Mama, hapa utashikwa na kigugumizi, lakini soma. Usiruke mstari. Ulinieleza kwa simu, Baba aliporudi kutoka Mbeya amenuna, nami natoa siri yako mchana kweupe. Utanisamehe.

Baba, Mama ameniambia habari ya rafiki yako rubani. Kwamba ndege yake uliiandaa kwa mikono yako, ukampigia saluti, akakutania kitu kabla hajafunga kioo, akaenda na hakurudi. Kwamba walichunguza na hawakuona kosa kwenye ndege wala kwako. Kwamba walimzika kijeshi, kwa mistari iliyonyooka na risasi za heshima, na wewe ulisimama mstarini pamoja na wenzako. Sina neno baya juu ya mazishi yale. Yalimstahili. Ila nimemwuliza Mama, mtani wake alikuwapo? Mama anasema hakuna mtani aliyeruhusiwa kusogea pale. Hakuna aliyevaa koti lake. Hakuna aliyeiga sauti yake. Mlisimama mguu sawa, Baba, na nadhani mpaka leo hakuna aliyekuambia mguu pande.

Ndiyo maana uliposikia watu wanacheka mbele ya ndege iliyoanguka, ulitaka kuvunja chumba. Naelewa. Lakini kuelewa si kutii. Ukitaka nifunge kwa sababu umeme ni ghali, tuzungumze. Ukitaka nifunge ili pasiwe na mahali duniani ambapo rubani akianguka watu wanapiga magoti na kumlilia, hata kama ni kwa mzaha, basi hapana. Ningefunga kwa sababu nyingine yoyote, si hiyo.

Na nikuambie jambo nililolijua baada ya wewe kuondoka. Kwenye ile kompyuta ya nne, kilio cha mtani ni kikubwa zaidi. Mtu amekaa akaandaa ndege muda mrefu, amevumilia, amepaa kwa shida, amesafiri, kisha akatunguliwa na kitu ambacho hakukiona. Huyo akianguka haangui kicheko. Mikono yake hubaki kwenye jostiki. Na hapo ndipo mtani anapohitajika kweli. Kwenye zile rahisi tunaombolezana kwa furaha tu. Kwenye yako tunaombolezana kwa sababu mtu ameumia. Kwa hiyo tumehitaji njia yako, Baba, na wewe umehitaji yetu, na kama hutaki kusikia hivyo, nimeshaandika na Mama ameshasoma.

Nimemweleza Ndahani habari ya rafiki yako. Alivua kofia. Hakutania hata kidogo, na Ndahani asipotania ujue ameguswa. Akaniuliza, "Alikuwa kabila gani?" Nikasema sijui. Akasema, "Uliza. Mbeya hii ni njia panda, haikosi mtu. Akiwa mtani wangu nitamlilia mimi. Asipokuwa, nitamtafuta wa kwake, hata nimtoe Tunduma."

Nisalimie mama mdogo wa Ilula, mwambie nyanya ziliokotwa zote na hakuna iliyotupwa, muuza chipsi alifanya kachumbari. Nisalimie Hamisi tarishi na mkewe, waambie mtoto wao akianza kutambaa wanitumie picha. Nisalimie bibi mzaa mama, mumshikie simu sikioni siku nitakayopiga. Na majirani wote wa hapo bondeni, hata yule anayesema binti anayemiliki gemu haolewi. Yeye msalimieni mara mbili.

Baba, nakuomba uje tena. Safari hii niambie, nitakuja kukupokea stendi. Usije kukagua, wala usije kufunga. Tutakaa wewe na mimi kwenye ile ya nne, utaiandaa ndege kwa mikono yako kama zamani, na tutaiondoa kama inavyoondolewa. Ikirudi, alhamdulillahi. Isiporudi, hutasimama mstarini, utakaa chini na sisi.

Kitu kimoja tu sina. Maisha yangu yote, kila ulipomtaja rafiki yako, ulisema "yule", ukageuza maneno. Mama naye anasema hakuwahi kuambiwa. Mtani hawezi kumlilia mtu asiye na jina, na mimi nimechoka kuwa binti wa mtu anayelibeba jina hilo peke yake. Njoo nalo, Baba. Ulitamke hapa, kwa sauti, mbele yetu.

Mwanao asiyefunga,
Zaituni